Mlango wa Mahakama na Hesabu za Umma

Mtu akituhumiwa hadharani, yampasa apewe nafasi ya kujitetea. Hilo halina ubishi kwa Mkristo, wala kwa mtu ye yote apendaye haki. Lakini je, mtu ajuaye kwamba taarifa ya mkaguzi wa fedha za umma imemtaja, ana haki ya kwenda mahakamani kuomba taarifa hiyo isisomwe kabisa, wala isijadiliwe, wala isiwafikie watu ambao fedha zao ndizo zilizokaguliwa? Swali hili si la wanasheria peke yao. Ni swali la dhamiri, na katika nchi yetu limekwisha kuulizwa kwa sauti kubwa. Leo twapenda kulitazama pamoja na wasomaji wetu, kwa maana twaamini kwamba litaulizwa tena.

Kwanza twamwomba msomaji aende pamoja nasi mpaka Juani, kisiwa kidogo upande wa kusini-mashariki wa Mafia. Hapo, kati ya miti na mibuyu, yamesimama magofu ya Kua, mji wa mawe uliokuwa na jumba la watawala na misikiti kadha, hata ulipovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska yapata mwaka 1829. Kuna hadithi ya kale juu ya mji huo, nayo husimuliwa kwa namna mbalimbali. Yasemekana kwamba watu wa Kisimani, mji mwingine wa Mafia, walipomaliza kuunda chombo chao waliwaalika watu wa Kua karamuni. Kisha wakawatwaa watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, wakakishusha chombo baharini juu ya miili yao. Watu wa Kua hawakusema neno. Walingoja miaka, halafu wakawaalika watu wa Kisimani arusini, katika chumba kilichokuwa chini ya ardhi. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, kimya kimya, akabaki mzee mmoja wa kuwashika wageni kwa mazungumzo. Mlango ukazibwa kwa mawe. Wageni wote wakafia humo, na mzee yule pamoja nao.

Hadithi si hati ya historia, nasi hatuitumii kama hati. Twaitumia kwa mafunzo yake mawili. La kwanza ni kwamba kosa la awali halikuletwa mbele ya baraza lo lote, wala hakuna aliyeulizwa. Kwa hiyo likazaa kosa la pili. La pili ni kwamba mlango ulipozibwa haukuchagua. Kama humo chumbani walikuwamo waliowalaza watoto mchangani, walikuwamo pia wasiokuwa na habari ya jambo lile, na mzee ambaye wenzake hawakuwa na deni naye. Giza halina mizani. Msomaji atuwie radhi kwa kuanza mbali hivi. Ataona punde kwa nini.

Tuje sasa kwenye mambo ya miaka yetu. Mwaka 1995 Shirika la Umeme, TANESCO, lilifanya mkataba wa kununua umeme wa kampuni ya IPTL, ambayo mtambo wake ulijengwa Tegeta, Dar es Salaam. Baadaye ukazuka ubishi juu ya kiasi ambacho TANESCO ilipaswa kulipa, na mwaka 2006 ikafunguliwa katika Benki Kuu akaunti maalum, iliyokuja kujulikana nchi nzima kwa jina la Escrow, ili fedha zinazobishaniwa zikae humo mpaka ubishi uishe. Mwishoni mwa mwaka 2013 fedha hizo zikatolewa, zikapewa kampuni ya PAP, iliyojitambulisha kuwa mmiliki mpya wa IPTL. Watu wakauliza: fedha zile zilikuwa za nani? Ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ikafanya ukaguzi maalum, na mwezi wa Novemba 2014 taarifa yake ikafika Bungeni, Dodoma. Fedha zilizohusika zilizidi shilingi bilioni 300.

Kabla Bunge halijaanza mjadala, IPTL na PAP zilikwenda Mahakama Kuu, Dar es Salaam, kuomba jambo hilo lisijadiliwe. Tarehe 25 Novemba 2014 mahakama ikatoa amri ya muda kwamba mambo yabaki kama yalivyo. Siku ya pili yake Zitto Kabwe, aliyekuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, aliisoma taarifa ya kamati yake iliyotokana na ukaguzi ule. Mjadala ukaendelea, na mwisho wa juma hilo Bunge likapitisha maazimio yake. Desemba, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Frederick Werema, akajiuzulu, na Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa katika wadhifa wake. Januari 2015 Waziri Sospeter Muhongo akajiuzulu.

Hayo ndiyo yaliyotendeka. Tusifanye haraka kuwacheka waliokwenda mahakamani, maana hoja iliyo nyuma ya maombi ya namna hiyo ina uzito. Jina jema la mtu ni mali yake. Kanisa limefundisha sikuzote kwamba kumsingizia mwenzako ni dhambi, na kwamba hata kuyafichua makosa yake ya kweli bila sababu ya haki ni dhambi. Mwizi wa ng'ombe aweza kumrudisha ng'ombe. Mwizi wa jina atalirudishaje? Neno likisemwa mbele ya Taifa zima halirudi kinywani. Na wakaguzi ni wanadamu: waweza kukosea hesabu, waweza kuisoma hati vibaya, waweza kumtaja mtu asiyehusika. Kwa hiyo, asema mwenye hoja, ni afadhali taarifa isimamishwe kabla haijamdhuru mtu kuliko kumfariji baada ya kudhurika.

Twaikubali nusu ya hoja hiyo. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake wa tarehe 11 Aprili 1963 juu ya amani duniani, alipozihesabu haki za binadamu aliitaja haki ya mtu ya kuwa na jina jema. Na mahali pale pale akaitaja haki yake ya kupewa habari za kweli juu ya mambo ya umma. Hakuiweka moja juu ya nyingine, wala hakusema kwamba moja ni ya wakubwa na nyingine ya wadogo. Zote mbili ni za kila mtu. Basi yatupasa kutafuta njia ya kuzilinda zote mbili pamoja, wala si kuichinja moja ili kuilisha nyingine.

Njia hiyo ipo, nayo yapatikana tukizitenga aina mbili za maombi ambazo kwa mbali zafanana. Kuna mtu aendaye mbele ya hakimu akisema: "Nisikilizwe." Na kuna mtu asemaye: "Wasisikie." Wa kwanza aomba neno lake liongezwe juu ya neno la mkaguzi, ili watu wapime. Wa pili aomba neno la mkaguzi liondolewe, ili pasiwe na la kupima. Ombi la kwanza lazidisha ukweli uliopo mbele ya watu. La pili laupunguza. Twaona kwamba hapa ndipo penye mpaka. La kwanza ni haki, na hakimu hana budi kulipokea. La pili, hata likivaa joho la sheria na kuandikwa kwa lugha ya adabu, ni mawe ya kuzibia mlango.

Labda msomaji atauliza: mtu huyo atasikilizwa lini, kama si kabla ya taarifa kutoka? Jibu ni kwamba utaratibu wa ukaguzi wenyewe wampa nafasi. Mkaguzi haandiki kama mtu aandikaye barua ya siri. Huuliza hoja, huomba hati, na ofisi inayokaguliwa hupewa muda wa kujibu. Majibu yakitosheleza, hoja hufutwa. Wakati huo ndio wa kusema. Na kama mkaguzi amekataa kumsikiliza mtu, mtu huyo ana haki kabisa ya kuiomba mahakama imwamuru mkaguzi amsikilize, na majibu yake yaandikwe katika taarifa ile ile. Kadhalika, kama taarifa yamtaja mtoto aliyedhulumiwa, au shahidi ambaye maisha yake yamo hatarini, ni vyema mahakama iagize jina hilo lifichwe. Kufunika jina moja kwa ajili ya huruma si sawa na kufunika kitabu kizima kwa ajili ya hofu.

Tena Katiba yetu imekwisha kuiona hofu hiyo kabla yetu. Ibara ya 143 yamtaka Mkaguzi Mkuu atoe taarifa yake kwa Rais, na Rais ahakikishe inawekwa mbele ya Bunge; na yasema kwamba, hatua hizo zisipochukuliwa, Mkaguzi mwenyewe atampelekea Spika. Maana yake ni nini? Ni kwamba waliotunga sheria walijua kwamba mlango mmoja waweza kufungwa, wakaweka mlango wa pili. Taarifa ya hesabu si mali ya aliyekaguliwa, wala si mali ya mkaguzi. Ni mali ya mwenye fedha, na mwenye fedha ni mwananchi.

Wasomaji wa Maandiko Matakatifu watakumbuka habari ya mfalme Yehoyakimu wa Yuda. Nabii Yeremia alimwagiza Baruku aandike katika gombo maneno yote ya onyo juu ya taifa. Gombo likasomwa mbele ya watu, kisha mbele ya wakuu, mwishowe mbele ya mfalme, akiota moto katika nyumba yake ya kipupwe. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Watu watatu wa baraza lake walimsihi asifanye hivyo, hakuwasikia. Na baada ya hayo? Yeremia na Baruku waliandika gombo la pili, lenye maneno yote ya lile la kwanza, na mengine mengi yakaongezwa. Mfalme hakuwa amebadili jambo hata moja la kweli kwa kulichoma. Alikuwa amejinyima nafasi ya kulijibu, na kuinyima nchi yake nafasi ya kujirekebisha mapema. Wahenga wetu walisema hayo kwa maneno machache: mficha maradhi, kilio humfichua.

Na mambo hayo si ya zamani tu. Huko Afrika Kusini, Oktoba 2016, Mlinzi wa Umma Thuli Madonsela alimaliza taarifa yake juu ya nguvu ya familia ya Gupta ndani ya Serikali. Rais Jacob Zuma alikwenda mahakamani kuizuia isitoke, akisema hakupewa nafasi ya kutosha ya kujibu. Tarehe 2 Novemba aliliondoa ombi lake, na taarifa ikatolewa siku iyo hiyo. Ikaundwa Tume chini ya Jaji Raymond Zondo, mahali ambapo kila aliyetajwa aliweza kuja kusema. Lakini mtu yule yule aliyelalamika kwamba hakusikilizwa, alipoitwa na Tume asikilizwe, alikataa kwenda. Na Juni 2021 Mahakama ya Katiba ikamhukumu kifungo cha miezi 15 kwa kuidharau amri yake. Hatutaki kumwongezea mzigo. Twataka tu kuonyesha jinsi ilivyo rahisi kwa moyo wa mwanadamu kusema "nisikilizwe" huku ukimaanisha "wasisikie".

Jirani zetu wa Kenya watupa mfano wa upande mwingine. Februari 2006 ilitangazwa taarifa ya Tume ya Jaji Samuel Bosire juu ya kashfa ya Goldenberg. Ndani yake alitajwa Profesa George Saitoti, aliyekuwa Waziri, naye akajiuzulu. Kisha akaenda Mahakama Kuu, na Julai mwaka huo mahakama ikayafuta yale yaliyoandikwa juu yake. Mtu aweza kuikubali hukumu ile au kuikataa. Lakini twaomba utaratibu wake utazamwe: taarifa ilisomwa, mtu alilalamika, hakimu aliamua na kutoa sababu zake, na mwananchi aliweza kuiweka taarifa upande huu na hukumu upande huu, akafikiri mwenyewe. Hakuna aliyefungiwa chumbani.

Turudi kwetu, kwenye lile la Escrow. Lipo jambo ambalo gazeti la Kanisa haliwezi kulipita. Katika orodha ya waliopokea fedha kutoka kwa mmoja wa waliokuwa na hisa katika IPTL, iliyosomwa Bungeni, walikuwamo mawaziri, majaji na watumishi wa umma. Nao walikuwamo viongozi wa Kanisa letu. Na benki ambayo fedha hizo zilipitia ni ile iliyoanzishwa kwa jitihada za Kanisa. Kupokea si ushahidi wa kosa, maana mtu aweza kupokea sadaka bila kujua chemchemi yake. Lakini waamini waliona uchungu, na wengi walitamani kwamba ukurasa ule usingesomwa kamwe.

Twauelewa uchungu huo, ila hatuwezi kuyakubali matamanio hayo. Kama ukurasa ule ungezuiwa, je, habari zingekoma? La, zingepita vichochoroni. Watu wangesema lisemwalo lipo, na kila kola nyeupe barabarani ingekuwa ya mshukiwa. Padre wa kijijini ambaye hajapata kuona hata shilingi elfu hamsini za sadaka kwa Jumapili moja angetazamwa kwa jicho lile lile. Huyo ndiye mzee wa Kua aliyezibiwa pamoja na wageni. Jina likitajwa waziwazi laweza kujibiwa waziwazi. Tuhuma isiyotajwa haina wa kuijibu, nayo hukaa juu ya wote.

Tena mwanga ulewafaa hata baadhi ya waliotajwa. Katibu Mkuu wa Wizara ya Nishati na Madini, aliyesimamishwa kazi kwa sababu ya jambo hilo, alichunguzwa, na mwaka 2015 Serikali ikatangaza kwamba hakuonekana na hatia. Profesa Muhongo alirudishwa katika uwaziri Desemba mwaka huo huo. Wako waliozisifu hatua hizo na wako waliozilaumu, nasi hatutaki kuamua kati yao. Lakini ni dhahiri kwamba mtu hawezi kusafishwa mbele ya watu kwa tuhuma ambayo watu wamekatazwa kuisikia.

Limebaki swali moja gumu. Bunge lilipoendelea na mjadala ingawa mahakama ilikuwa imetoa amri, je, halikufundisha watu kuzidharau mahakama? Hofu hiyo ni ya kweli. Mwananchi wa kawaida akipewa amri na hakimu, yampasa aitii, na asiporidhika akate rufani. Lakini Ibara ya 100 ya Katiba yaulinda uhuru wa majadiliano ya Bunge usihojiwe mahakamani. Kwa hiyo hapa hapakuwa na mtu aliyejifanya mkubwa kuliko sheria, bali palikuwa na nguzo mbili za sheria moja zilizosukumwa kugongana. Aliyezisukuma ni nani? Ni lile ombi lenyewe. Atakaye taarifa izuiwe huomba hakimu asimame kati ya mwananchi na wajumbe wake, mahali ambapo hakimu hakuwekwa kusimama. Akikataliwa, husema hakuna haki. Akikubaliwa, watu husema mahakama imenunuliwa. Kwa vyo vyote mahakama hutoka na doa ambalo haikulitafuta.

Basi sisi wengine tufanye nini? Wengi wa wasomaji wetu hawatapata kutajwa katika taarifa ya Mkaguzi Mkuu, wala hawatapata kuingia Mahakama Kuu. Lakini sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeweka mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na humo mapato na matumizi husomwa. Huko Juani kwenye magofu, ambako wageni hufika pia kutazama watoto wa kasa wakienda baharini, na katika kila kijiji cha nchi hii, kikao hicho ndicho Bunge la watu wadogo. Mwenyekiti aahirishaye kusoma hesabu kwa sababu "kuna maneno ndani yake" anafanya kwa kipimo chake kile kile kilichoombwa Dar es Salaam mwaka 2014. Na mwanakijiji asiyehudhuria, au anayehudhuria akanyamaza, anambebea mawe.

Yatupasa basi, akina baba na akina mama, kwenda kwenye vikao hivyo na kuuliza kwa heshima. Yatupasa kuwafundisha watoto wetu kwamba kutajwa si kuhukumiwa, na kwamba aliyetajwa ana haki ya kusikilizwa mpaka neno lake la mwisho. Katika kamati zetu za parokia, za shule na za vyama vya akiba, tuwe wa kwanza kuzisoma hesabu zetu kwa sauti, hata zinapotuaibisha. Na kama siku moja jina la mmoja wetu litaandikwa katika taarifa, kwa haki au kwa makosa, Mungu atujalie moyo wa kusimama mbele ya watu na kusema: "Someni yote, kisha mnisikilize na mimi."